Mlio wa masikioni unapobadilika: upi wa kuuzoea, upi wa kuukimbizia hospitali

Saa 7 usiku, mtaa wa Sakina jijini Arusha, umeme unakatika. Friji iliyokuwa ikinguruma jikoni inanyamaza, feni inasimama, mbwa wa jirani wanabweka mara mbili tatu kisha nao wanatulia. Hapo ndipo mwenye tinitasi anaposhtuka. Mlio masikioni mwake, ambao tangu jioni alikuwa ameusahau, umekuwa kama birika lililoachwa jikoni likapiga mluzi. Anageukia upande wa pili wa mto. Unazidi. Asubuhi atamwambia mwenzake kwamba usiku masikio "yameharibika zaidi".

Masikio yako vilevile. Nyumba ndiyo iliyobadilika.

Wengi huku kwetu husema masikio yanavuma, yanalia au yanapiga kelele, na wapo wanaoamini kuna mtu mahali fulani anawasengenya. Hospitalini jina lake ni tinitasi: sauti unayoisikia wewe peke yako, isiyotoka kwenye kitu chochote nje ya mwili. Takriban mtu mzima mmoja kati ya kumi anaijua. Sauti yenyewe haina sura moja. Kuna anayesikia nyenje wa jioni, kuna anayesikia tairi likitoa upepo, mwingine mvua juu ya bati, mwingine redio iliyopoteza stesheni. Fundi wa kuchomelea atakwambia ni kama grenda inayokata chuma mtaa wa tatu. Wengine wana milio miwili kwa pamoja, mmoja mwembamba na mmoja mzito.

Swali linalowasumbua zaidi si "ni nini?" bali "mbona haitulii?" Jana ilikuwa kulia, leo iko katikati ya kichwa, mwezi uliopita ilikuwa filimbi, sasa ni mvumo. Mabadiliko mengi ya namna hii hayana maana kwamba usikivu unapungua. Machache yana maana hiyo. Na yapo machache zaidi ambayo hayangoji hata wiki.

Mlio unatengenezwa wapi

Ndani kabisa ya sikio kuna mfereji uliojiviringa kama kombe la konokono, na ndani yake seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000. Kati ya hizo, kama 3,500 ndizo zinazopeleka taarifa ya sauti kwenye ubongo. Zilizobaki kazi yake ni kukuza sauti hafifu. Kuku akipoteza seli hizi huota nyingine. Binadamu hazioti tena. Zinazopokea sauti nyembamba zimekaa mlangoni mwa mfereji, na ndizo zinazoumia mapema. Ndiyo maana kelele ya muda mrefu huacha alama yake kwanza kwenye sauti za hezi 4,000 hivi (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), muda mrefu kabla mtu hajaanza kusema "eti?" kwenye mazungumzo.

Taarifa zikipungua, ubongo haukai kimya. Unafanya kile ambacho wewe hufanya redio inaposhika kwa shida: unaongeza sauti. Ukiongeza sauti ya redio isiyoshika, unachopata zaidi ni mkwaruzo. Mkwaruzo huo wa neva, ambao kila mtu anao, ndio unaosikika kama mlio. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani waliwaweka watu 80 wenye usikivu mzuri, mmojammoja, kwenye chumba kisichopitisha sauti kwa dakika 5 hivi. Asilimia 94 walitoka wakieleza sauti walizosikia humo: mvumo, mlio, nyenje. Mwaka 2012 Uingereza watu 18 walizibwa sikio moja kwa siku 7. 14 kati yao wakaanza kusikia sauti zisizokuwepo, na kizibo kilipotoka zikaondoka.

Jaribio hilo la pili lingebandikwa kwenye mlango wa kila anayezungushia pamba masikioni mchana kutwa ili "yapumzike". Sikio linalonyimwa sauti halipumziki. Ubongo unaongeza tu.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa hukataa kuliamini mpaka wapimwe. Mtaalamu akitafuta sauti ya mashine inayolingana na mlio wako kwa ukubwa, mara nyingi huikuta desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) chache tu juu ya sauti ndogo kuliko zote unayoweza kuisikia ya wembamba uleule. Watu wawili wanaweza kuwa na mlio wa ukubwa uleule, mmoja akalala fofofo na mwenzake akakesha wiki nzima. Ukubwa wa mlio na ukubwa wa kero ni vitu viwili, na kila kimoja hubadilika kwa sababu zake.

Unaopanda na kushuka ndani ya siku

Sababu ya kwanza ni ukimya, kama pale Sakina. Ya pili ni usingizi: aliyelala kwa muda wa saa 3 tu ataukuta mlio umepanda asubuhi, kisha ataulaumu mlio kwa kumnyima usingizi, na duara linaanza. Msongo, homa na uchovu hufanya kazi ileile.

Ya tatu ni mafua, na baridi ya Juni na Julai huleta mengi. Mrija unaounganisha sikio la kati na koo ukivimba, sauti za nje zinafifia kama mtu aliyefunikwa blanketi, na mlio wa ndani unajitokeza. Hali hiyohiyo humpata abiria wa daladala anayeshuka kutoka Marangu kwenda Moshi mjini akiwa na mafua, na kwa ukali zaidi mpagazi anayeshuka kutoka kambi ya Barafu, mita 4,670 hivi, hadi lango la Mweka, mita 1,640 hivi. Kumeza mate, kupiga miayo na kutafuna hufungua mrija. Kubana pua na kupuliza kwa nguvu ukiwa na mafua mazito si wazo zuri. Ukipuliza, iwe taratibu sana.

Ya nne ni nta. Kijiti cha pamba hakitoi nta, kinaishindilia ndani hadi ikaegemea ngoma ya sikio. Njiti ya kiberiti, ufunguo na unyoya wa kuku hufanya hivyohivyo, tena zikichubua njiani. Anayehisi sikio limeziba, na hajawahi kutokwa usaha wala kutobolewa ngoma ya sikio, aweke matone 2 au 3 ya mafuta ya zeituni asubuhi na jioni kwa siku 3 hadi 5, kila mara akilalia ubavu wa pili kwa dakika 5 ili yashuke. Baada ya hapo aende kituoni akasafishwe kwa maji. Maji yawe na joto la mwili, nyuzi 37; yakiwa ya baridi au ya moto, chumba kitamzunguka na huenda akatapika. Mlio ulioletwa na nta huisha kwenye kiti hichohicho, na hakuna ugonjwa wa masikio unaopona kwa furaha kama huo.

Ya tano huwashangaza watu: taya na shingo. Kaa mahali pa kimya, uma meno kwa nguvu kwa sekunde 5. Achia. Sukuma taya la chini mbele. Achia. Kisha weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kichwa dhidi ya mkono. Mlio ukipanda, ukashuka au ukabadili sauti katika mojawapo, basi misuli hiyo ina mkono ndani yake, maana neva za taya na shingo hukutana na njia ya kusikia kwenye shina la ubongo. Mtu wa namna hii akishinda akitafuna muwa, au akisaga meno usiku, ataamka na mlio mkali bila sikio kuwa na kosa. Wa kumwona kwanza ni daktari wa meno au wa mazoezi ya viungo.

Kuhusu kahawa, na hapa tuko kwenye nchi ya kahawa: jaribio lililofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2010 halikuona nafuu kwa walioacha kafeini, isipokuwa maumivu ya kichwa ya kuacha. Kunywa kahawa yako. Usinywe saa 3 usiku tu, kwa sababu ya usingizi.

Na ule mlio unaokuja ghafla upande mmoja, sikio likawa kama limefungwa, kisha ukafifia ndani ya sekunde chache hadi dakika? Karibu kila mtu huupata. Uache upite.

Kelele: hesabu yake

Ukitoka kwenye harusi ulikokaa mbele ya spika, masikio yakawa kama yamejazwa pamba na mlio umepanda, seli zimechoka. Kwa kawaida hali hurudi ndani ya saa chache hadi siku mbili. Ikirudiwarudiwa, kinachorudi hupungua kila mara.

Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni hii: desibeli 85 unaweza kukaa nazo saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unagawanywa kwa mbili. Desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15. Grenda ikikata chuma huweza kufika 100 kwa aliyeishika. Kwa hiyo fundi wa karakana kule Unga Limited anayekata nondo kuanzia saa 3 asubuhi anakuwa amemaliza fungu lake la siku kabla ya chai ya saa 4. Mashine ya kusaga nafaka na randa ya umeme nazo si za kuchezea. Baruti ya mgodini Mirerani ni habari nyingine kabisa, maana mlipuko mmoja ndani ya shimo jembamba unaweza kuua seli papo hapo. Wanaapolo, yaani wachimbaji wadogo wa huko, wengi hurudi Arusha na mlio ambao hawakwenda nao.

Pamba ya kawaida hupunguza kidogo sana. Kizibo cha povu kikivaliwa vizuri hupunguza sana, kikivaliwa vibaya ni pambo. Osha mikono kwanza, la sivyo unaingiza grisi sikioni. Kisokote hadi kiwe chembamba kama penseli. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke, ingiza, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 kinapotanuka. Kikiwa sawasawa, sauti yako mwenyewe itasikika nzito kama uko ndani ya pipa. Kama mwenzako anakiona kimechomoza chote nje, hakijaingia. Kazi ikiisha, kitoe. Kukivaa sebuleni ni kurudi kwenye lile jaribio la siku 7.

Dawa nazo

Wazee wanaikumbuka kwinini: masikio yakivuma, ulijua dawa imekolea. Mvumo ule huondoka dawa ikiisha mwilini, sawa na ule wa aspirini ikinywewa kwa wingi. Dawa nyingine hazisamehi. Streptomaisini, gentamaisini, amikasini na kanamaisini huweza kuua seli za kusikia moja kwa moja, na sisiplatini ya saratani vilevile. Sindano za kundi hili zilitumika sana kwa kifua kikuu sugu kabla Shirika la Afya Duniani halijaelekeza nguvu kwenye tiba ya vidonge vitupu, kwa hiyo wapo watu waliopona kifua chao wakabaki na mlio. Anayechomwa sindano hizo, akisikia mlio mpya au ukapanda, amwambie muuguzi siku hiyohiyo. Asiache dawa kwa uamuzi wake. Daktari ndiye atakayepima usikivu na kuona kama kipimo kipunguzwe au dawa ibadilishwe.

Mabadiliko yasiyongoja

Usikivu wa sikio moja ukipotea ghafla au ndani ya siku tatu, pamoja na mlio mpya, hiyo ni dharura hata kama hakuna maumivu. Wengi hudhani ni nta, wakaweka matone wiki mbili. Tiba yake ni dawa za steroidi, na zikianza siku za mwanzo huwa na nafasi nzuri kuliko zikianza baada ya wiki mbili. Njia rahisi ya kujipima: weka simu kwenye sikio hili, kisha lile. Kama sauti ya upande mmoja imekuwa kama ya roboti au haipo, nenda siku hiyo. Hospitali ya mkoa ya Mount Meru kwa walioko Arusha au KCMC kwa walioko Moshi ni mahali pa kuanzia, na mapokezi sema wazi: "Sikio hili lilikuwa zima, limezima juzi." Neno "juzi" lina uzito kuliko neno "mlio".

Mlio unaodunda pamoja na moyo nao una njia yake. Shika mshipa kwenye kifundo cha mkono, sikiliza kwa sekunde 30. Ukienda sambamba na mapigo, unatakiwa kuchunguzwa: presha, upungufu wa damu, tezi ya shingo, na wakati mwingine mishipa ya damu yenyewe kwa picha. Mara nyingi kinachopatikana kinatibika.

Mlio wa upande mmoja tu usioondoka huhitaji kipimo cha usikivu na pengine picha ya kichwa, ili kuhakikisha hakuna uvimbe kwenye neva. Ni nadra, lakini huonekana kwa kutafutwa. Ukifuatana na kizunguzungu cha kuzunguka kweli, cha dakika 20 hadi saa kadhaa, sikio likijaa na mvumo mzito kama lori linalopanda mlima, daktari atafikiria ugonjwa wa Ménière. Uso ukilegea upande mmoja, usilale kwanza, nenda hospitali. Usaha unaotoka sikioni nao utibiwe mapema.

Unaobadilika kwa miezi na miaka

Miezi ya mwanzo ndiyo migumu. Ubongo umesikia sauti mpya isiyo na mwenyewe, ukaichukulia kama mtu anayetembea uani usiku. Kila ukiusikiliza kuona kama bado upo, unathibitisha kwamba ni jambo la kulindwa. Kati ya miezi 6 na 18, kwa watu wengi, ulinzi huo hulegea. Haulegei kwa mstari ulionyooka. Kwanza unagundua kwamba umepika ugali hadi umeiva bila kuusikia. Kisha siku inapita nusu. Halafu inakuja wiki mbaya, baada ya mafua au msiba, mlio ukarudi kama mwanzo, na mtu akadhani amerudi sifuri. Wiki mbaya za mwezi wa 10 huwa fupi kuliko za mwezi wa 2. Ndicho cha kulinganisha.

Katika kipindi hicho sauti yenyewe inaweza kubadilika sura: filimbi ikawa mvumo mpana, mmoja ukawa miwili, wa kulia ukahamia kichwani. Ubongo hupanga upya hesabu zake. Lakini mlio ukipanda taratibu kwa mwaka au miaka, huku ukiongeza sauti ya runinga na wajukuu wakilazimika kurudia "Babu, shikamoo" mara tatu, hapo ni usikivu unaopungua. Kapime. Kipimo hufanywa kwa sauti za hezi 250 hadi 8,000, na kinachotakiwa ni kusikia kuanzia desibeli 20 hivi au chini yake.

Ikionekana umepungukiwa, shimesikio (kifaa cha kuvaa sikioni kinachokuza sauti) mara nyingi hutuliza mlio kuliko dawa yoyote, kwa sababu hurudisha taarifa ambazo ubongo ulikuwa ukizitafuta. Kabla hujalipa, uliza betri zake zinapatikana mjini kwako: namba 13 zina kibandiko cha rangi ya chungwa, 312 cha kahawia. Ukibandua, iache betri ivute hewa dakika moja au mbili kabla ya kuiweka, vinginevyo huisha mapema.

Kidonge kinachofuta mlio hakijapatikana. Ginko na zinki zimepimwa, hazikuonyesha msaada wa maana kwa tinitasi ya kawaida. Maji ya kitunguu saumu yanayouzwa stendi yanaweza kuunguza ngoma ya sikio iliyotoboka. Kilicho na ushahidi bora zaidi wa kupunguza kero ni tiba ya mazungumzo inayofundisha kubadili fikra na mazoea yanayouzunguka mlio. Haipunguzi sauti, hupunguza inavyokutawala.

Nyumbani, kazi kubwa ni usiku. Usilale kwenye ukimya. Chukua redio ya zamani ya betri, iweke kati ya stesheni mbili za FM inakovuma (nyingi za kisasa hujinyamazisha, hazifai), au pakua mara moja faili ya mvua ya saa 8 ili usile bando. Umeme ukikatika, viwili hivi vitaendelea, feni haitaendelea. Spika iwe mita 1 au 2 kutoka kitandani, si masikioni. Anza na sauti chini kabisa, ipandishe taratibu mpaka ianze kuchanganyika na mlio, kisha ishushe kidogo. Vyote viwili visikike. Kosa la kawaida ni kuuzamisha mlio kabisa: ubongo hauwezi kuzoea usichokisikia, na asubuhi ukizima, mlio utakuja kama umeongezeka.

Kabla ya kwenda kliniki, andika kila jioni kwenye daftari namba mbili kutoka 0 hadi 10, moja ya ukubwa wa mlio na moja ya kero, pamoja na saa ulizolala, kelele ulizokutana nazo na dawa ulizotumia, hata za dukani. Namba mbili hizo zikiachana, yaani mlio 7 na kero 3, daktari ataona umeanza kuuzoea kabla wewe hujajua. Fanya hivyo kwa siku 14. Siku ya 15 weka daftari kwenye begi la hospitali na usiandike tena, maana kuendelea kuupima ni kuendelea kuusikiliza.